Waridi au zambarau? Mwangalie mtoto kwanza

Msomaji, ziko siku ambapo wazazi watarajiwa huja kliniki wakiwa na kitu kingine mkobani pamoja na kadi ya wajawazito. Ni ile kadi ya rangi inayotolewa bure katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Mama akishapimwa presha na uzito, na baba akishauliza tarehe, kadi hiyo hukunjuliwa juu ya meza na swali hufuata: "Daktari, kati ya hii na hii, ipi itamfaa mtoto?" Ukivitazama vimraba vyenyewe utaona vinafanana kama mapacha. Kimoja ni waridi iliyoegemea zambarau, na kingine ni zambarau iliyoegemea waridi. Mama anasema vimetofautiana kama mbingu na ardhi. Baba haoni tofauti yoyote, na tayari mmoja wao amenuna.

Yamkini wapo wanaoona kwamba huko ni kumpotezea daktari wakati. Kwangu mimi swali hilo ni la afya kabisa, na ningefurahi kama kliniki zote za wajawazito zingelichukulia hivyo. Ila sababu zake si zile wanazozidhania wazazi.

Wengi wao wamesikia kwamba waridi hutuliza akili na zambarau huleta usingizi. Imani kuhusu waridi ina asili yake. Mwaka 1979, katika gereza moja la wanamaji mjini Seattle, Marekani, chumba cha mahabusu kilipakwa waridi kufuatia utafiti wa Alexander Schauss, na habari zikaenea kwamba wafungwa wakorofi walitulia baada ya muda mfupi tu. Rangi hiyo ikaitwa Baker-Miller kutokana na majina ya wakuu wawili wa gereza hilo, na magereza mengine ya Marekani na Ulaya yakaiga. Lakini uchunguzi wa baadaye uliofanywa kwa uangalifu zaidi, ukiwamo ule wa gereza moja la Uswisi uliochapishwa mwaka 2015, haukuona kwamba waridi ilipunguza ukali wa wafungwa kuliko chumba cheupe. Kuhusu zambarau na usingizi, mtoto mchanga hulala akishiba, akiwa mkavu na akiwa na joto la kutosha. Ukuta hana habari nao.

(Zambarau ya viwandani, hata hivyo, ina undugu na sisi tuishio nchi za malaria. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na malighafi ya lami ya makaa ya mawe. Dawa hakuipata. Alichopata ni tope, na alipokuwa akisafisha chupa zake likatoa zambarau ya kupendeza mno, ambayo ilimtajirisha. Malaria ikabaki palepale.)

Turudi kwa baba asiyeona tofauti. Kabla hujamwita mkaidi, mama, fahamu kwamba yamkini anasema kweli. Wapo wanaume waliozaliwa na kasoro ya kutotofautisha vizuri rangi zenye wekundu na kijani. Miongoni mwa wenye asili ya Ulaya ni karibu 8 katika kila wanaume 100; miongoni mwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na wengi wao hawajui. Mtu wa namna hii anaweza kuona zambarau kuwa samawati na waridi hafifu kuwa kijivu. Kasoro hii hurithiwa kupitia kwa mama, naye mwenyewe aghalabu huona sawasawa. Kwa hiyo ikiwa baba yake mama alikuwa akichanganya rangi, mjukuu wa kiume yuko katika hatari ya kuirithi. Si ugonjwa wa kulazwa hospitalini, lakini ni vizuri ujulikane kabla mtoto hajachapwa shuleni kwa "uzembe" wa kupaka ramani rangi zisizofaa.

Na kama nyanya wa mtoto, aliyekuja kutoka mashambani kusaidia, anaiona ile zambarau kuwa ya kahawia au kijivu, jambo hilo lisichekwe. Kadiri tunavyozeeka lenzi ya jicho hugeuka manjano, na mtoto wa jicho akiingia huzidi kuzuia miale ya buluu na urujuani isifike ndani. Zambarau ndiyo huwa ya kwanza kupoteza sura. Mpeleke nyanya akapimwe macho. Upasuaji wa mtoto wa jicho ni wa muda mfupi, na nimeona wazee waliorudi nyumbani wakishangaa jinsi leso zao zilivyo na rangi kali.

Kuhusu kuchagua kwenyewe, nitasema machache. Usichague kwa kutazama kadi dukani. Kimraba cha sentimita mbili hakikuonyeshi ukuta, kwa sababu kuta nne za rangi moja hutupiana mwanga na rangi huzidi nguvu. Waridi iliyokuwa ya upole kwenye kadi inaweza kukupigia kelele chumbani. Nunua kiasi kidogo cha kila moja, upake mara mbili kwenye kadibodi yenye ukubwa wa gazeti hili likikunjuliwa, ungoje ikauke, kisha uihamishe kutoka ukuta hadi ukuta asubuhi, adhuhuri na usiku taa zikiwa zimewashwa. Chini ya balbu ya manjano zambarau huvuta kuelekea wekundu. Chini ya taa nyeupe zenye ubaridi, zile za mirija na nyingi za LED, waridi huvuta kuelekea buluu. Rangi mbili zinazofanana mchana zinaweza kuachana kabisa usiku. Na usizitazame mfululizo. Jicho likikodolea waridi kwa muda huchoka, na kitakachofuata utakiona kikiwa na ukijani usiokuwapo. Tazama nje dirishani kidogo, kisha rudi.

Sasa tufike kwenye jambo linaloninyima usingizi.

Watoto wengi wachanga, zaidi ya nusu yao, hugeuka manjano kidogo katika juma la kwanza la maisha. Hii si ile homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Chembe nyekundu za damu huvunjika na kuacha taka ya rangi ya manjano iitwayo bilirubini, na ini la mtoto halijakomaa kiasi cha kuiondoa upesi. Kwa wengi hali hii huonekana siku ya 2 au ya 3, hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 5, kisha hupungua yenyewe. Lakini kwa wachache bilirubini hupanda mno, hupenya hadi ubongoni na kumwachia mtoto uziwi au ulemavu wa viungo wa maisha, na wengine hufa. Tiba yake ni nyepesi ukiilinganisha na madhara hayo. Mtoto hulazwa uchi, macho yakiwa yamefunikwa, chini ya taa maalumu za buluu, na mwanga huo huibadilisha bilirubini iliyo katika ngozi ili mwili uweze kuitoa. Sharti ni moja tu, afikishwe hospitalini mapema.

Hebu sasa hesabu siku. Mama aliyejifungua salama mara nyingi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Kilele cha umanjano basi hakimkuti mtoto wodini mbele ya muuguzi. Humkuta nyumbani, katika kile chumba ulichokipaka rangi, na mchunguzi pekee aliyepo ni macho yako wewe mama, pamoja na mwanga uliomo humo.

Ukuta wenye rangi kali huirudishia ngozi rangi yake. Wauza nyama katika nchi mbalimbali walilijua hilo zamani, na ndiyo maana baadhi yao huwasha taa zenye wekundu ili nyama ya jana ionekane ya leo. Chumba kidogo cha waridi kali hufanya kazi hiyohiyo. Mtoto aliyepungukiwa na damu ataonekana ana damu, na umanjano wake utafichika ndani ya wekundu wa ukuta. Zambarau kali ina hila nyingine. Zambarau na manjano ni rangi zinazofutana, kwa hiyo humwibia mama dalili ile anayoitafuta. Isitoshe humpa midomo ya mtoto kivuli cha ubuluu usiokuwapo, na usiku wa manane familia nzima iko ndani ya teksi kwa hofu ya bure. Waridi humpamba mtoto mgonjwa, na zambarau humtisha mama wa mtoto mzima. Wanaosanifu wodi za watoto wachanga hushauriwa kutoweka rangi kali karibu na vitanda kwa sababu hiyohiyo.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu sisi, kwa kuwa umanjano juu ya ngozi nyeusi ni mgumu kuonekana hata katika chumba cheupe. Mtoto wetu hatangazi ugonjwa wake shavuni. Mama amtafute manjano penye ngozi nyembamba na nyeupe: katika weupe wa macho, kwenye ufizi, viganjani na kwenye nyayo. Mpeleke karibu na dirisha mchana, umlaze juu ya shuka jeupe, mbali na ukuta wa rangi. Bonyeza kidogo paji la uso au ncha ya pua kwa kidole, kisha uachilie, utazame rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Fanya hivyo kila siku katika juma la kwanza. Usifanye kwa taa ya usiku, na wala usifanye kwa mwanga wa simu.

Akigeuka manjano kabla hajatimiza saa 24 tangu kuzaliwa, hilo si la kawaida kamwe, mpeleke hospitali mara moja. Vivyo hivyo ikiwa viganja au nyayo zimegeuka manjano, ikiwa amekataa kunyonya, ikiwa analala kupita kiasi na haamshiki vizuri, au analia kwa sauti nyembamba ya juu huku akijipinda mgongo. Kumwanika juani asubuhi, kama wanavyoshauri majirani wengi, si tiba ya kutegemewa kwa mtoto wa namna hii, na muda unaopotea hapo ndio uliokuwa wa kumwokoa. Na kwa kuwa tunazungumzia maandalizi ya chumba: zile tembe nyeupe zinazowekwa kabatini kufukuza nondo na mende zisikae na nguo za mtoto. Wapo watoto, hasa katika jamii za maeneo ya malaria kama Pwani na Nyanza, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Harufu ya tembe hizo inatosha kuvunja damu yao na kupandisha manjano kwa kasi ya kutisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kadi ni kwamba wachague ile iliyo hafifu zaidi kati ya hizo mbili. Kama zimelingana kwa uhafifu, achague mama, maana yeye ndiye atakayezitazama kuta hizo saa tisa za usiku akinyonyesha. Wanaotaka zambarau iliyokolea kabisa waipake ukuta mmoja ulio mbali na kitanda, na ule unaopokana na dirisha ubaki mweupe.

Lipo swali ambalo natamani kuulizwa lakini wazazi hawaniulizi. Hawaulizi rangi hiyo ina nini ndani yake.

Wakenya walijifunza habari za madini ya risasi kwa uchungu kutoka mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi walidhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Juu. Lakini risasi ina mlango mwingine wa kuingilia nyumbani, nao ni rangi. Kwa miaka mingi risasi ilitiwa katika rangi ili ing'ae, ikauke upesi na isipauke. Hatari yake si habari mpya. Mwaka 1904 daktari wa macho J. Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, aliandika kwamba watoto wa Queensland walikuwa wakipata sumu ya risasi kutoka katika rangi ya kuta na vizuizi vya varanda za nyumba zao. Marekani ilingoja hadi 1978 kupiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani. Sisi hapa Afrika Mashariki tuliweka kiwango cha juu cha sehemu 90 kwa kila milioni, yaani miligramu 90 katika kilo nzima ya rangi iliyokauka. Ni kiwango kizuri, ila kiwango kilichoandikwa karatasini hakiifikii rangi iliyokwisha kupakwa ukutani miaka 20 iliyopita, wala mkebe usio na lebo ya kueleweka.

Hapa ndipo ule ubishi wa waridi na zambarau unapowapoteza watu. Kuta za ndani aghalabu hupakwa rangi ya maji, ambayo mara nyingi si mahali pa kuitafuta risasi. Yenye historia mbaya ni rangi ya mafuta, ile inayong'aa, hasa ya manjano, nyekundu na ya machungwa. Nayo hupakwa wapi? Kwenye mlango, kwenye vyuma vya dirisha na kwenye kitanda cha mtoto. Wazazi hutumia majuma matatu kuchagua rangi ya ukuta ambao mtoto hataugusa kwa miezi kadhaa, kisha hununua kando ya barabara kitanda kilichopakwa rangi asiyeijua hata fundi mwenyewe. Mtoto akianza kuota meno anakitafuna kitanda, si ukuta.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Tumbo la mtoto mdogo hunyonya risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 zaidi ya tumbo la mtu mzima. Huupunguza uwezo wa ubongo, humpa upungufu wa damu, maumivu ya tumbo na kufunga choo, na mara nyingi haonyeshi dalili yoyote hadi afike shuleni ashindwe kutulia na kushika masomo. Tusemaye hivi tunajua kwamba kipimo cha damu cha risasi hakipatikani katika kila kituo. Kwa hiyo kinga ndiyo kazi ya mzazi. Dai mkebe wenye maandishi yanayosema rangi haina risasi. Mtoto ale vyakula vyenye madini ya chuma na chokaa, kama vile ndengu, omena na maziwa, kwa kuwa tumbo lisilo na upungufu wa madini hayo hunyonya risasi kidogo.

Katika nyumba za kupanga, ambamo wengi wetu tunaishi, kuna rangi juu ya rangi, na hakuna ajuaye ya chini ni ya mwaka gani. Fundi akija na msasa na kuanza kukwangua pakavu, vumbi lile huenea nyumba nzima na kutulia sakafuni, mahali mtoto atakapotambaa. Mwenye nyumba asikubaliwe kumleta fundi wa namna hiyo mkiwa ndani. Ukuta ulowanishwe kabla ya kukwanguliwa, vyombo na matandiko yatolewe, sakafu ipigwe deki kwa maji wala isifagiliwe kavu. Mama mja mzito asiwemo kabisa, na asishike msasa wala brashi, hata akiwa ndiye mwenye hamu kubwa ya kukiona chumba kimekamilika. Risasi huvuka kutoka katika damu yake hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Harufu nayo isidharauliwe. Rangi ya maji ina mvuke mdogo kuliko ya mafuta, lakini inao, na humsumbua sana mwenye pumu. Mimi hupenda kazi yote iwe imekwisha mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kujifungua, madirisha yakiachwa wazi kila mchana. Kama mvua za masika zimefika na ukuta una unyevu, zuia kwanza maji yanakotoka. Ukipaka waridi juu ya kuvu, kuvu itarudi kabla mtoto hajakaa.

Fundi akishaondoka, kagua alichoacha. Mafuta ya taa ya kusafishia brashi huachwa katika chupa ya soda nyuma ya mlango, na mtoto wa jirani mwenye kiu haulizi ni nini. Akiyanywa, msimtapishe na msimnyweshe maziwa kwa nguvu, kwa kuwa mafuta hayo yakirudi juu huingia mapafuni na hapo ndipo yanapoua. Mkimbizeni hospitali mkiwa na chupa yenyewe. Rangi iliyobaki isimwagwe mtaroni. Ifunge vizuri, uiweke juu asikoweza kufika mtoto, na uandike kwenye mfuniko namba ya rangi na jina la chumba, kwa sababu baada ya miaka miwili huyo mtoto atashika kalamu, na hutakumbuka kama ulichagua ile ya waridi iliyoegemea zambarau au ile nyingine.